Alikozaliwa Bibi

Harufu ya mvuje hainipiti hivi hivi. Juzi jirani alipita na mtoto wake mchanga, kamfunga mkononi kitambaa cheusi chenye mvuje kumkinga na jicho, na ile harufu kali, mbaya, ikanirudisha darasa la tano, mwaka ule mama alipokwenda kufanya kazi Maskati akaniacha Mkunazini, Unguja mjini, na Bibi, ambaye chumba chake kilinuka mvuje.

Skuli kwetu, wakati wa mapumziko, wasichana walikaa kwa makwao. Watumbatu ngazini, Wamakunduchi chini ya dirisha la ofisi, wale wenye majina ya Kimanga, ya Kiarabu, barazani. Hakuna aliyewapanga. Mimi nilikula muhogo wangu wima, karibu na mfereji wa maji ya kunywa, nikijifanya nna kiu. Naona haya kusema, lakini nshawahi kunywa maji mpaka tumbo likaniuma.

Ndipo nilipomuuliza Bibi kazaliwa wapi. "Tumbatu, Jongowe," alinijibu. Nilihisi kama nimevishwa nguo ya sikukuu.

Kesho yake nikaenda ngazini. Mwanaidi, mkubwa wao, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe Mtumbatu?"

"Bibi yangu kazaliwa Jongowe."

"Kwa nani?"

Nikamega muhogo wangu.

"Hata jina la mtu mmoja hulijui? Oneni! Mtumbatu wa kusimuliwa huyu!"

Walicheka mpaka muhogo ukawapalia. Mwengine akanitupia, "Mwacha asili ni mtumwa, bibie!" Nikarudi mferejini nikiwaza: asili yenyewe sijaiona, nimeiacha vipi?

Jioni nikamkuta Bibi kakaa mkekani, anachagua mchele, nikamuuliza Jongowe sisi kwa nani.

"Mke mwenzangu," akanambia, maana ndivyo alivyopenda kunitania, "mimi Jongowe nimezaliwa tu. Arubaini ilipokwisha mamangu akanirudisha mjini kwa babangu. Mimba ya kwanza mtu huenda kuzalia kwa mamake, hujui?"

"Basi mamako ndiye Mtumbatu."

"Kakulia Tumbatu. Kazaliwa Makunduchi, kwa bibi yake."

"Kwa hivyo sisi Wamakunduchi?"

"Mh! Na huyo mamake mamangu naye kazaliwa Kizimbani, kwenye mikarafuu. Kwetu kila mmoja kifungua mimba. Hao wa Kizimbani sasa, huyu akisema walitoka Uarabuni, huyu akisema Unyasa."

"Sasa sisi nani, Bibi?"

"Sisi wenye njaa. Kaoshe mchele."

Nilikasirika. Nimetaka pahala pa kukaa, ananipa mchele. Mpaka mwaka ukaisha nikawa nakula muhogo wangu pale pale, peke yangu, na siku hizo barua za mama zilikuwa zinachelewa.

Sasa niko kidato cha nne, ndiyo kwanza nafahamu. Nilidhani nafuatilia kabila, kumbe nilikuwa nafuata wanawake wenye mimba ya kwanza, kila mmoja akirudi kwa mamake kwa sababu anaogopa. Jongowe, Makunduchi, Kizimbani. Kote huko kulikuwa na mama anangoja na maji ya moto. Zaidi ya hapo sijui kitu, na wa kumuuliza keshafariki.

Mama bado yuko Maskati. Siku yangu ikifika, nami nitataka kwenda kwake. Mwanangu atazaliwa Uarabuni, arubaini ikishapita nitamrejesha Unguja, na skuli wenzake watamuuliza ni Mwarabu wa wapi, kwa nani. Atakuja kuniuliza mimi. Nitamwambia niliogopa, nikamfuata mama.