Ugali Anaousifia Mume Wangu Naulimia kwa Jirani

Aliyetuandikia ameomba tumfichie jina. Msomeni kwa moyo wa huruma.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nina watoto watatu, tunaishi Ilembo hapa Mpanda. Mume wangu anafundisha uchumi sekondari. Ni mtu mwema, hanywi wala hanipigi. Shida yake ni moja: akishachora ile mistari yake miwili ubaoni, wa wauzaji na wa wanunuzi, anaona dunia nzima imeenea pale.

Tangu lije soko huria, anasema kulima mahindi ni kupoteza ardhi. "Tulime tumbaku tu, mahindi tutanunua. Yakiadimika bei itapanda, na bei ikipanda wafanyabiashara watayaleta wenyewe." Basi tukalima tumbaku mpaka mlangoni.

Mvua za mwaka jana zikakata barabara, treni nayo ikasimama. Bei ilipanda kweli, ila mahindi hayakuja. Nikaenda na hela mkononi kwa jirani yetu, Mama Neema. Huku kwetu wakati wa njaa mahindi huazimwa, hayauzwi.

"Mama mwalimu, nyie hamkulima," akaniambia. "Mwenye shamba namwazima debe, akivuna anarudisha. Wewe utarudisha nini? Hela yako nitaisonga ugali?"

Niliona aibu jamani. Mwisho akanionea huruma, akasema nimpalilie shamba anilipe mahindi. Ikawa mume wangu akienda kazini, nami nachukua jembe. Jioni anakula, anashiba, anatabasamu: "Umeona mke wangu? Soko limejibu."

Nilitamani kumwagia mboga. Lakini nimwambieje? Alishaapa kwamba siku mke wake akiwa kibarua wa watu, ndoa imekwisha, na namjua, hatanii. Nikanyamaza, naye Mama Neema akanitunzia siri hata kwa mumewe.

Sasa kimya changu kimenifunga. Mvua zinakaribia tena, naye anazunguka kwa majirani akiitolea mfano nyumba yetu: "Sisi hatukulima hata mhindi mmoja, mbona tumekula?" Wengi wameshakubali. Juzi nimemkuta mume wa Mama Neema anaandaa kitalu cha tumbaku kwenye shamba lile lile nililopalilia.

Nikisema, naachika. Nisiposema, mwakani wanangu wakilia njaa, jembe langu nitalipeleka shamba la nani? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?