Babu Niliyempandisha Cheo

Nakumbuka, mwanangu, adhuhuri moja pale Temeke, zama za Mwingereza, niliposema "haya" mahali pa kusema "hapana". Rafiki yangu Mshamu, mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa, alikuwa amesoma hadithi yangu. Akatikisa kichwa.

"Bwana wee, nani atasoma habari za mpagazi? Mpandishe cheo! Mfanye mkuu wa msafara, mpe bunduki, aue simba."

Nikakubali. Laiti ningekataa.

Hadithi yenyewe ilizaliwa jikoni kwa bibi yangu. Mimi nina jina la babu, mzaa baba, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora kabla Mjerumani hajaja. Nawe wawajua bibi zetu wa Pwani: mjukuu mwenye jina la marehemu ndiye mume. Basi bibi alinigombeza mbele za watu kwa makosa ya marehemu.

"Mume wangu, ulipokwenda Tabora uliniletea nini? Mdomo tu!"

"Nisamehe, mke wangu, mzigo ulikuwa mzito."

Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Siku moja Mzee Kanji, Banyani mwenye duka jirani, akatuambia mafundisho ya dini yake: roho ni mpangaji, nyumba ikichakaa huhamia nyingine. Bibi akanitazama toka utosini hadi unyayoni.

"Basi huyu amehamia na uvivu wake uleule!"

Mimi ni Mwislamu, najua wafu wetu wanangoja Kiyama. Hata hivyo neno lile liliniwasha. Nikaanza kuandika kana kwamba ndimi niliyeishi zamani zile: "Nilipokuwa mpagazi..." Kila jioni, bibi akimenya mihogo, alinipa kipande cha habari. Alinieleza nilivyoogopa fisi, nikalala katikati ya wenzangu kama mtoto. Alinieleza jinsi ilivyofika habari kwamba nimefia njiani, watu wakakaa matanga, naye akaingia eda.

"Na siku uliyorudi, ukanikuta edani..." Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hiyo nitakupa ukimaliza haya."

Ndipo nikamsikiliza Mshamu. Siku ya kuisoma hadithi, baraza letu lilifurika. Bibi alivaa kanga mpya, akaketi mbele. Kila bunduki yangu ilipolia, Mshamu alipiga makofi. Nilipoua simba wa tatu, bibi akauliza:

"Huyo nani?"

"Ni mimi, mke wangu."

"La. Mume wangu aliogopa fisi. Huyu simjui."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, nikidhani ni utani wetu uleule. Kesho yake akanipakulia chakula. "Njoo ule, mjukuu wangu." Wahenga husema majuto ni mjukuu, mimi nikawa vyote viwili kwa mpigo. Nilipomwomba ile habari ya kurudi kwa babu, alinijibu kwa upole, "Ile ni yake na mimi, baba. Nilikuwa nikimwambia yeye."

Hadithi ikachapwa, watu wakaipenda, nami nikavimba kichwa. Bibi hakunichukia hata siku moja. Alinipenda kama wajukuu wengine, mpaka alipofariki.

Mwanangu unayetaka kuandika ya kale, andika. Ni kazi ya raha. Hadi leo nikilikumbuka jiko lile hucheka peke yangu. Waazime wafu sauti yako, lakini usiwavishe joho ambalo si lao. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aliyekuwa mwoga mwache na woga wake, maana yupo aliyempenda hivyo hivyo.

Mungu akujaalie kalamu nyepesi, na akupe mzee atakayekuona wewe ndiye wa kuambiwa. Mimi babu yangu alirudi akiwa amekwisha kuliliwa, akamkuta mkewe edani, na walichoambiana mlangoni sikijui mpaka leo. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza.