Mama Alikuwa na Saa Yake

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Butembo, na alikuwa pia mkulima, kama walimu karibu wote wa mji ule, kwa kuwa serikali ilikuwa imesahau zamani kwamba walimu hula. Asubuhi alifundisha. Mchana alishuka bondeni kwenye shamba la viazi na maharagi. Jioni alipika. Jumapili alikuwa wa kanisa. Lakini Jumamosi, vyombo vya mchana vikishaoshwa, alikuwa mtu wa nafsi yake.

Alichemsha maji pamoja na majani ya mkaratusi, akayamimina kwenye basani, akaingia nayo chumbani na kufunga mlango kwa komeo. Humo ndani aliloweka miguu, akasugua visigino kwa jiwe, akajipaka mafuta, kisha akalala chali na kuinua miguu juu ya mto. Nilijua hayo kwa sababu mimi, kifungua mimba wake, niliruhusiwa siku moja moja kuingia na kukaa kimya. Hakushona, hakusahihisha madaftari, hata rozari aliiacha ukutani.

"Mama, unafanyaka nini humu?" nilimwuliza siku moja.

"Hakuna kitu," akasema. "Ni sababu ya ile ninafungaka mulango."

Nyanya, mama yake baba, tuliyeishi naye kwenye parseli moja, ndani ya ua mmoja, hakulipenda jambo lile. Alikuwa akipita dirishani na kukohoa. "Mwanamuke wa kulala muchana, bwana yake atakula nini?" Baba alikuwa mfanyabiashara, akipeleka viazi na maharagi Beni na kupandisha mafuta ya mawese. Siku hizo alikuwa anacheka tu, akimwambia mama yake: "Mama, umuache. Ataamuka." Na kweli Mama aliamka, akatoka uso wake ukiwa laini, na jioni ile hakuna mtoto aliyepigiwa kelele nyumbani kwetu.

Kisha vita ikaingia mjini na kukaa.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, yenye sementi chini, na hilo lilitosha kutuponza. Kamanda mmoja wa waasi alikuja na basoda wake, akazunguka vyumba vyote mikono ikiwa nyuma, akachagua chumba cha wazazi wangu. "Ni ya siku mbili tatu tu," Baba alituambia. Wazazi wakahamia chumba chetu sisi watoto, nasi tukalala saloni, pale pa kupokelea wageni. Siku mbili tatu zile zilidumu mpaka wadogo zangu wakasahau kile chumba kilikuwa cha nani.

Jumamosi ya kwanza Mama alichemsha maji yake kama kawaida. Sijui alikuwa anawaza nini. Alitoka jikoni na basani mikononi, mvuke ukimpanda usoni, akafika mlangoni kwake na kusimama. Kijana mwenye bunduki aliyekuwa anachunga mlango akampokea basani kwa heshima zote.

"Merci, Mama. Chef alikuwa anaomba maji ya moto."

Mama alimwachia basani. Aligeuka, akaenda kuosha tena sahani za mchana. Tangu hapo, kila Jumamosi, kijana alikuja jikoni kudai maji ya chef, tena yale yenye majani, maana chef alikuwa ameyapenda.

Baadaye akaja shangazi, dada ya Baba, akikimbia mapigano upande wa Mbau, na watoto wake na wakwe zake. Hatukuwa nyumba ya pekee. Parseli zote za mtaa zilijaa hivyo. Sufuria ya bugali ikawa ile kubwa ya sikukuu, kila siku. Shangazi alikuwa amechoka na amefiwa, simlaumu kwa kukaa. Ninamlaumu kwa kukaa akimwangalia Mama akipanda na bidon ya maji, huku yeye na Nyanya wakichambua maharagi polepole na kuongea habari za watu.

Mama alijaribu kutafuta saa yake mahali pengine. Alianza kwenda kanisani Jumamosi mchana, akavua viatu na kukaa kwenye benchi la nyuma kabisa. Nilimfuata mara moja, nikamkuta amefumba macho, vidole vya miguu vikicheza kwenye sementi baridi. Hakufaidi muda mrefu. Mkuu wa mamas, chama cha wanawake wa parokia, alimwona.

"Mwalimu! Mungu njo amekuleta. Kwa kuwa uko na nafasi, utusaidie kugawa unga kwa bakimbizi."

Basi Jumamosi zikawa za unga. Akajaribu shamba: akimaliza kupalilia, anakaa kidogo kwenye kijia, mgongo kwa jua. Lakini watu wa porini wenye bunduki walianza kupita lile bonde, na wanawake wakaacha kubaki shambani peke yao. Ikawa tunaenda kwa kundi, tunalima haraka, tunarudi kwa kundi.

Kichwa kikaanza kumwuma, na miguu ikavimba hadi viatu vya shule vikakataa kuingia. Siku aliposhindwa kusimama mbele ya darasa, Baba alitupandisha kwenye lori, mimi na Mama, juu ya magunia, tukateremka Beni. Mdogo wake Mama alikuwa anaishi huko, akiuza vikwembe vya wanawake kujifunga sokoni. Yeye ndiye aliyetupeleka kwa daktari.

"Mama, tansio ya damu iko juu sana," daktari alisema. "Nitakupatia vidonge. Lakini dawa ya kwanza ni kupumuzika."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya kikwembe. Daktari, mtu mwenye adabu, akamwuliza kama amesema vibaya.

"Hapana, Dokta. Umesema muzuri. Lakini ile dawa ya kwanza haipatikane kwa farmasi."

Mama mdogo alimpa kitanda chini ya dirisha na kumkataza kukanyaga jikoni. Beni ni joto, si kama kwetu juu, na Mama alilala na kikwembe kimoja tu, dirisha likiwa wazi, pikipiki zikipiga kelele barabarani bila kumwamsha. Uvimbe ukashuka. Nilimsuka nywele barazani, naye akaimba wimbo wa Kinande, lugha ya kwetu, ambao nilikuwa sijawahi kumsikia akiuimba Butembo. Alianza kuniuliza mambo yangu mimi, ninapenda nini, ninataka kusoma nini. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na ndiyo mara ya kwanza tulikuwa na nafasi ya kuongea bila mtu kuita.

Kisha dereva wa lori akaleta ujumbe kutoka kwa Baba. Mama arudi. Wageni wameongezeka, Nyanya analalamika, nyumba haina mtu.

"Nyumba imejaa batu mpaka kwa baraza," Mama mdogo akasema, "na haina mutu? Dada, ubakie. Mwezi moja tu."

"Nikibakia, batasema nimekimbia bwana."

"Baseme!"

Mama alikuwa anakunja nguo zake tayari. "Wewe hauishi nabo," akasema.

Tukarudi juu ya magunia. Kwenye kila bariyeri basoda walituteremsha, na kila mara nilimwona anavyopanda tena kwa shida, akishika kamba.

Hakumaliza msimu wa mvua uliofuata. Alianguka jikoni, mwiko mkononi, watu wa nyumba nzima wakiwa wanangoja chakula. Walimbeba mabegani kwa kipoyi cha miti kuelekea hospitali, akafia njiani. Kamanda alikuwa ameshahama. Chumba kilikuwa kimeachwa wazi, na shangazi alikuwa ameshaingia humo na watoto wake. Baba hakuweza kumwambia dada yake atoke.

Kwenye matanga, mkuu wa mamas alisimama na kusema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau. "Huyu mama hakujua kupumuzika. Mamas, tumufuate huyu." Watu wakaitikia amina.

Mama mdogo, aliyepanda kutoka Beni usiku ule ule, akainuka. "Alijua! Alijua sana. Ninyi njo mulimukataza!"

Shangazi akamvuta kikwembe akae. Katekista akaanzisha wimbo, na sauti ya Mama mdogo ikamezwa. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Niliona mdomo wake ukiendelea kusema.

Baba alioa tena kabla ya mwaka kuisha, binti mmoja kutoka Mabalako, si mkubwa sana kunizidi. Alikuwa mtu mpole. Wiki yake ya kwanza alikula chakula cha mchana, akasema macho yanamwelemea, akaenda kulala. Wadogo zangu walikuwa wanakimbizana kwenye ua. Baba akatoka mlangoni, kidole mdomoni.

"Muache kelele. Mama yenu amechoka."

Nilimtazama Nyanya, nikingoja akohoe. Aliendelea kuchambua maharagi. "Mabinti ya siku hizi ni bazaifu," akasema taratibu, kama anayemwonea huruma.

Yule mama wa kambo simchukii. Alikuwa na haki ya kulala. Nilichoshindwa kusamehe ni ile sauti ya Baba, ulaini ule, kujua kwamba alikuwa nao tangu zamani na kwamba Mama aliusikia siku za amani tu.

Jioni nilimfuata pale alipokuwa anapima mafuta ya mawese.

"Baba, mbona Mama haukumutetea hivi?"

Hakukasirika. Alifikiri kidogo, akapangusa mikono kwenye kitambaa.

"Ile wakati ilikuwa vita, mutoto yangu," akasema.

Wiki ile barabara ya Beni ilikuwa imefungwa tena kwa mapigano, na saloni yetu ilikuwa bado inalaza wageni.