Jiko la Gramu Mia Tatu

Mzee Mawe alikuwa amezunguka mpaka wa msitu wa hifadhi kwa miaka kumi na tisa, akihakikisha kwamba kila jiwe la mpaka liko pale lilipowekwa. Mawe hayana tabia ya kuhama, lakini ofisi haikuwahi kuyaamini. Kila baada ya miezi mitatu alijitwika shanta mgongoni, akatembea siku tisa peke yake, akarudi kuandika kwamba mawe yote yapo. Hakuwa na hamu ya kazi nyingine.

Tatizo lilikuwa tumbo. Daktari alilikuta na vidonda, akaamuru chakula cha moto mara mbili kwa siku, na biskuti asizione hata kwa mbali. Nalo jiko la mafuta ya taa alilokuwa akibeba lilikuwa zito kuliko hema, na lilivujia kwenye unga.

"Mzee wangu," bosi akamwambia, "tukikosa jiko jepesi la kuni, nitakuweka getini. Kuna kiti, kuna kivuli, kuna daftari la wageni."

Alisema kwa huruma, na hapo ndipo alipoudhi. Getini walipita wageni wanne kwa wiki, wawili kati yao wakiwa wamepotea njia.

Kazi ya kuchagua jiko alipewa karani wa stoo. Ofisi nzima ilimwita Gramu, na mkewe naye alipopiga simu aliulizia kama Gramu yupo. Alikuwa na mizani ya kupimia barua na fomu aliyoibuni mwenyewe. Ilikuwa na safu tatu: uzito, dakika za kuchemsha maji, maoni. Safu ya maoni ilikuwa na upana wa kidole. Juu kabisa aliandika: jiko lisizidi gramu mia tatu.

"Kwa nini mia tatu?" Mzee Mawe aliuliza.

"Namba nzima."

Majiko yalikuja matatu. La kwanza lilikuwa la vibati saba vya kuchomekana, jembamba kama bahasha, gramu mia mbili na kumi. La pili, kopo la kiwandani lenye kuta mbili, zuri kiasi cha kuwekwa kabatini, gramu mia mbili na themanini. La tatu lilitengenezwa na shemeji yake Mzee Mawe, fundi bati, kwa makopo mawili ya maziwa ya unga, moja ndani ya jingine, na mlango ubavuni. Mdomoni lilikuwa na meno matatu ya chuma ya kubebea sufuria. Gramu mia tatu na themanini.

Gramu aliyajaribu uani, kwa maranda makavu aliyoomba kwa seremala jirani. Yote yalichemsha maji kwa dakika sita. Yangechemsha hata debe la takataka.

"Ndugu yangu," Mzee Mawe akasema, akijaribu kutopandisha sauti, "kule seremala hayupo. Kuna mvua. Kuni zimelowa mpaka kwenye kiini."

"Fomu haina safu ya mvua."

"Basi iongeze!"

"Ilishapigwa mhuri, mzee."

Akayabeba yote matatu nyumbani, akaloweka kuni siku mbili kwenye beseni la kufulia. Mkewe alilitazama beseni, akamtazama yeye, akaenda kufulia kwa jirani.

Matokeo yalikuwa wazi. Jiko la vibati lilichukua robo saa kuchomekana, na kibati cha saba kilitumbukia kwenye majani kisionekane, na vilivyobaki havikusimama. Kopo la kiwandani lilitaka vijiti vya urefu wa kidole, vikatwe kimoja kimoja, viingizwe kwa juu, na kila mara sufuria iondolewe kwanza. Alikata vijiti saa nzima akapata maji ya vuguvugu na malengelenge mawili. La shemeji lilimeza kijiti kirefu ubavuni kama kilivyo, kikawa kinakauka huku kinaungua. Lilitoa moshi wa kutosha kulaumiwa na mtaa mzima, lakini lilichemsha.

"Limezidi gramu themanini," akamwambia shemeji yake.

"Themanini? Hizo natoboa tu, shemeji. Matundu hayana uzito."

Fundi akakaa na msumari na nyundo kuanzia asubuhi hadi alasiri. Alitoboa kuta, akatoboa mlango, akatoboa kila palipobaki bati. Jiko likafanana na chujio la chai. Walilipeleka stoo: mia tatu na sitini na moja.

"Siku nzima!" shemeji mtu akalalamika. "Siku nzima, gramu kumi na tisa!"

"Zimepungua vizuri," Gramu akakiri. "Kesho saa nne najaza fomu. La vibati limepoteza kibati, kwa hiyo chini ya mia tatu limebaki kopo la kiwandani tu."

Jioni Mzee Mawe alimwaga shanta lote sakafuni, akalitazama kama mtu aliyeibiwa. Mkewe alikuwa amepata beseni lake na alitaka sasa na sakafu.

"Hayo meno yana gramu ngapi?" akauliza.

"Sabini. Bila meno sufuria itakaa wapi? Hewani?"

Mama watoto aliinama. Aliokota vigingi vitatu vya hema, vile vya chuma chembamba, akavipitisha kwenye matundu ya shemeji upande hadi upande, karibu na mdomo wa kopo. Akatua sufuria juu yake. Ikatulia.

"Sasa ondoa vitu vyako hapa," akasema.

Asubuhi jiko lilifika mezani kwa Gramu likiwa halina meno. Mia mbili tisini na moja.

"Na sufuria inakaa juu ya nini?"

"Vigingi."

"Vigingi vipimwe basi."

"Vigingi vimo kwenye fomu ya hema. Uliipiga mhuri mwenyewe mwaka jana. Unataka vihesabiwe mara mbili?"

Gramu alitoa fomu ya hema, akaiweka kando ya fomu ya jiko. Kitu kimoja kuonekana kwenye fomu mbili lilikuwa jambo asiloweza kuishi nalo. Majiko mawili yakiwa chini ya mia tatu, fomu haikusema lipi lishinde; akamwachia Mzee Mawe achague, akapiga mhuri.

Siku ya tatu ya safari mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Mzee Mawe alikula ugali wa moto, tumbo likanyamaza kabisa. Kisha akakaa chini ya mti, amejifunika hema kichwani kama shuka, akisubiri vigingi vipoe ili alisimamishe. Huku akisubiri, alitunga kichwani barua kwa Gramu, ya kuomba vigingi vingine vitatu. Kila alipofika kwenye sababu ya maombi, jiko lilijitokeza, akafuta na kuanza upya.