Masale Mawili Katikati ya Barabara

Barabara iliyokuwa ipite juu ya kaburi la mtoto niliichora mimi mwenyewe, na niliichora kwa furaha, kwa sababu ilikuwa imenyooka. Aliyewahi kupanga makazi katika milima ya Usambara atanielewa. Huku kila kitu kimepinda, njia, vijito, hata matuta ya karoti. Kupata mgongo wa kilima ulio bapa, unaotosha barabara ya mita kumi, maduka upande mmoja, nyumba upande wa pili na soko la mboga mwishoni, ni bahati. Mimi niliipata juu kidogo ya njia ya Gare, kwenye mashamba ya ukoo wetu.

Siku ya kupima tulikuwa watatu: mimi, mpima ardhi aliyetoka Kanda ya Ziwa, na shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye anayelima pale. Mpima aliiona safu ya masale, ile mimea ya majani marefu, akamuuliza shangazi ni ya nini. Nikajibu mimi kabla shangazi hajafungua mdomo.

"Mpaka. Huku kwetu masale ni mpaka, kila mtoto anajua."

Shangazi alinitazama, kisha akalitazama jembe lake. Mgeni aliuliza kwa kuwa hakujua. Mimi mwenyeji sikuona haja. Baadaye, kwenye picha ya droni, niliona masale mawili katika safu ile yamekaribiana kuliko mengine, kama hatua moja tu, nikadhani kuna mtu aliziba pengo. Sisi wapangaji hupenda barabara ifuate mpaka, ili kila jirani atoe nusu na asiwepo wa kunung'unika. Nikapitisha mstari.

Mkutano wa kijiji ulifanyika darasani. Nilibandika mchoro ubaoni, watu wakauliza maji yatatoka wapi na malori ya kabichi yatageuzia wapi. Mzee mmoja alitaka msikiti na kanisa visitazamane na baa, nami nikamhakikishia kwamba baa haimo kwenye mchoro, jambo lililowahuzunisha wengine. Nilipoomba wanaokubali wanyooshe mikono, wa shangazi ulikuwamo.

Siku mbili kabla ya mchoro kupelekwa kusainiwa, shangazi alikuja ofisini kwangu mjini Lushoto na kikapu cha mapeasi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi mpaka wenzangu wote walipotoka kwenda kunywa chai. Ndipo akahamia Kishambaa, nami nikajua ni jambo la nyumbani. Ninaliweka hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Yale masale mawili si mpaka. Moja liko kichwani, jingine miguuni."

Niliutazama mchoro. Hatua moja. "Mtoto?"

"Wa siku tisa. Hakuwa amepewa jina."

Nikampa pole, nikidhani ni wake. Kisha nikamuuliza, kwa hasira kidogo, maana nilishaona kazi yangu yote inarudi mezani, mbona kwenye mkutano alinyoosha mkono.

"Ningesema nini mbele za watu? Mama yako hakutaka lisemwe. Mtoto amelala pale tangu wazazi wako walipokuwa bado wanakaa kwetu, kabla hujazaliwa." Akanisogezea kikapu. "Wewe si kifungua mimba, mwanangu."

Napenda kusema kwamba nilihuzunika. Ukweli ni kwamba kwanza nilijiona mjinga, na nilijiona hivyo kwa muda mrefu. Huzuni ilikuja jioni, nilipokuwa nafuta mstari, nikakumbuka jinsi nilivyojibu haraka, huku shangazi amesimama hatua chache kutoka kwa kaka yangu.

Niliikunja barabara. Vibanda viwili vya maduka vikapotea, na kipande kile nikakiandika "eneo la wazi." Kwenye maelezo, mahali pa kueleza sababu ya kona, nikaandika "mteremko." Mpima alisoma, akanitazama. Alijua pale pako bapa, alipapima kwa mkono wake. Hakuuliza. Nadhani alishachoka kujibiwa na mimi.

Mchoro ulisainiwa kama ulivyo. Barabara ilipomwagwa kokoto na maduka ya kwanza kufunguliwa, kinyozi na muuza mbegu, mama akataka kupaona. Sikuwa nimemwambia chochote, na shangazi aliapa kwamba naye hakumwambia. Tulitembea taratibu, mama akiwa na sweta juu ya kanga, akisifu upana wa barabara na kulalamika kwamba hakuna pa kukaa. Tulipofika kwenye kona alisimama. Masale yalikuwa pale pale, yote mawili, na majani yake yalikuwa na umande.

"Mbona mmeikunja hapa?"

"Mteremko, mama."

Aliitazama ardhi mbele yetu, bapa kama meza. Mwanamke huyu amebeba kuni na maji katika milima hii maisha yake yote, na hakuna wa kumdanganya kuhusu mteremko. Nilisubiri anikaripie.

"Ni mteremko kweli," alisema.

Akanishika mkono, akaukaza, tukaizunguka kona ile polepole, mguu kwa mguu, kama watu wanaoogopa kuteleza.