Mgomba Uliovikwa Sanda

Watu waliomzika baba yangu akiwa hai ndio hao hao waliokuja kumsifu. Nawajua kwa sura, wengine kwa sauti tu, maana nimewasikia miaka mingi nikipita kwenye kijiwe chao kando ya uzio wa uwanja wa chuo, hapa Bukoba. Ndiyo njia yangu ya kurudi Kitendaguro nikitoka shuleni ninakofundisha. Timu ya chuo ikishinda, wanazungumzia wachezaji. Ikifungwa, wanazungumzia makocha, na hapo lazima baba yangu atajwe.

Baba alikuwa mkufunzi wa hisabati pale chuoni, na jioni alifundisha timu ya mpira. Wote walimwita Mwalimu. Siku ninazozieleza, timu ilikuwa chini ya kijana mmoja aliyesomea ukocha, mpole, mwenye vyeti, anayechora mishale kwenye ubao mdogo mweupe. Ubao ule uliwaudhi watu wa kijiweni kupita kiasi. Mwalimu hakuwa na ubao, walisema, Mwalimu alikuwa na macho. Mwalimu aliwakimbiza vijana kutoka ziwani mpaka juu mlimani, wakatapika, wakashukuru. Mwalimu hakufungwa nyumbani hata siku moja.

Hilo la mwisho nililisikia nikacheka peke yangu barabarani, kicheko kibaya. Alifungwa, tena sana. Nilikuwa binti mdogo nikikaa nyuma ya goli, na nakumbuka alivyokuwa akirudi nyumbani, akivua viatu taratibu mlangoni, mama akajua matokeo. Nakumbuka pia waliyokuwa wakiyasema wakati ule, maana waliyasema kwa sauti ili yamfikie. Hajui kubadilisha wachezaji. Anawapendelea wanafunzi wake wa hesabu. Amechoka, awapishe wenye damu changa. Damu changa ilipokuja wakaiambia haina uzoefu.

Kinara wao alikuwa dereva mstaafu wa chuo, mtu mnene mwenye sauti ya kupasua masikio. Tangu nikiwa mtoto, kila wimbo uwanjani aliuanzisha yeye. Tulikaa nyumba jirani kwenye makazi ya wafanyakazi, kwa hiyo nilimwita baba mdogo na mpaka leo namwita hivyo, kwa adabu tu. Ndiye aliyeongoza mazishi.

Yalikuwa hivi. Timu ilifungwa nyumbani na chuo jirani, baada ya kufungwa mechi zilizotangulia. Mashabiki wakaenda kukata mgomba nyuma ya mabweni, wakauvingirisha shuka jeupe, wakauvisha kofia ya pama kama aliyozoea kuivaa baba. Wakaulaza juu ya machela ya miti, wakaubeba mabegani, dereva mbele kabisa, wakiimba wimbo wa mazishi wa kanisani waliougeuza maneno. Hawakwenda moja kwa moja. Walizunguka kwanza wakapita mbele ya nyumba yetu, polepole, kama wapitavyo watu wenye maiti ya kweli.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Aliweka kisu chini akaenda kufunga madirisha. Baba alisimama mlangoni na kofia yake kichwani mpaka wa mwisho wao akapita. Kwetu Uhayani mtu huzikwa kibanjani kwake, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na wanaobaki hupita kaburini kwake kila wanapokwenda kukata ndizi. Kama wangekaa kikao kumtafutia tusi la kumfika mpaka ndani, wasingepata zaidi ya lile. Mgomba wakaenda kuutupa kwenye shimo la taka nyuma ya goli, wakaumwagia udongo, wakapiga vigelegele.

Baba aliacha timu wiki ile. Hisabati aliendelea kufundisha mpaka alipostaafu, lakini uwanjani hakukanyaga tena, na akienda darasani alizunguka kwa nyuma, njia ndefu yenye matope, asiuone. Tulipohamia kijijini kwetu Buganguzi, kule Muleba, hakuruhusu mpira usikike ndani ya nyumba. Redio ikianza kutangaza mechi, aliinuka mwenyewe kuizima. Mama alifariki bila hata siku moja kumsikia mumewe akilitaja jambo lile.

Kisha ukaja ugonjwa wa kusahau. Ulianza na majina ya wajukuu. Kisha akausahau na msiba wa mama, akawa anauliza amekwenda wapi na mbona harudi. Kaka yangu na mke wake ndio walioishi naye, mimi nilikuwa nakwenda mwisho wa juma, na kila nilipofika palikuwa pamepungua kitu. Siku moja nilimkuta amekaa barazani anafunga kamba za viatu. Akaniuliza, kwa uchangamfu ambao sikuwa nimeuona tangu utotoni, "Vijana wamefika uwanjani?"

Nilikaa chini karibu naye nikamwambia wamefika. Akaanza kunieleza habari za winga wake wa kulia, mvulana ambaye leo ni mzee mwenye mvi. Alieleza kwa furaha, akacheka. Hapo nikaelewa kwamba ugonjwa ule, uliomnyang'anya karibu kila kitu, umemfanyia wema mmoja. Ulikuwa umeondoka na siku ya mgomba. Nikasema moyoni kwamba wema huo nitaulinda, na mtu atakayeugusa atanitambua.

Mwaka huo kijana mwenye ubao alikuwa anafungwa mfululizo. Ilibaki mechi moja ya nyumbani kabla muhula haujaisha. Dereva mstaafu akanipigia simu.

"Mwanangu, tunataka kumleta Mwalimu siku ya mechi. Aje akae na sisi, apewe heshima yake."

"Baba mdogo, mzee anaumwa. Hakumbuki mambo."

"Akiuona uwanja atakumbuka."

"Hicho ndicho ninachokiogopa."

Akaniuliza ninaogopa nini hasa. Nilisubiri acheke, au akohoe, au abadilishe mazungumzo. Alikuwa anauliza kweli. Mtu aliyebeba machela mbele kabisa alikuwa anataka kujua ninaogopa nini. Na yeye alikuwa amesahau, wala haumwi chochote. Nilimwambia tu kwamba nimekataa, nikakata simu.

Asubuhi ya mechi wifi yangu akapiga simu kutoka Buganguzi. Wamekuja wageni na gari, alisema, watu wazima wenye heshima zao, wameleta sukari na wamemsalimia Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, vizuri sana. Kaka alikuwa amepeleka kahawa kuuza, hayupo. "Nilitaka wakusubiri, wifi, lakini walipotaja mpira Tata mwenyewe alikwenda kuchukua kofia. Yuko garini."

Nilifika uwanjani kabla yao nikasimama getini niwarudishe. Sikuwaweza. Gari liliposimama baba alishuka akinyoosha mgongo, akautazama uwanja toka goli mpaka goli, na uso wake ukafunguka. Nilitafuta kwenye uso huo dalili yoyote ya siku ile. Haikuwepo. Ningemvuta mkono kumrudisha, ningekuwa mimi ndiye ninayemnyima furaha hiyo. Nikamfuata.

Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari. Dereva mstaafu akamkabidhi kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba, kama apewavyo mgeni wa heshima, akawaambia wanafunzi waliokusanyika, "Huyu ndiye kocha. Mtazameni vizuri, hamtaona mwingine." Alilisema huku kijana mwenye ubao akiwa hatua chache tu, anakusanya koni zake.

Kijana aliziacha koni akaja. Alichuchumaa mbele ya kile kiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe uko mwaka wa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana hakucheka. "Niko mwaka wa kwanza, Mwalimu," akasema. Baba akamwambia asome kwa bidii, akampa punje ya kahawa. Kijana akaipokea kwa mikono miwili akaitia mdomoni, akarudi kwa timu yake. Tangu hapo nilimpenda.

Mechi ikachezwa. Kila mpira ulipopotea, vichwa vilimgeukia baba kusoma uso wake. Baba alikuwa anatazama mawingu juu ya ziwa. Wakati wa mapumziko, tukiwa tumeshafungwa bao, dereva aliinama na kumuuliza, "Mwalimu, unaonaje?"

"Mvua itanyesha," baba akasema.

Dereva akawageukia wenzake akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mmesikia? Mwalimu ameona mbali." Na wao wakatikisa vichwa. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kupiga mtu.

Kipindi cha pili tukafungwa tena. Kipenga cha mwisho kilipopigwa nilimwinua baba haraka, nikamwambia twende, chakula kipo tayari nyumbani. Tulikuwa hatujafika getini niliposikia wimbo. Niliujua kabla sijageuka.

Walikuwa wanatoka nyuma ya mabweni, wameubeba mabegani. Shuka jeupe, machela ya miti, na juu yake ubao mdogo mweupe kama ule wa kocha, mahali palipokuwa na kofia mara ile. Mgomba haukatwi na kuvalishwa kwa dakika mbili. Ulikuwa umeandaliwa mapema, timu haijaingia hata uwanjani. Na baba yangu alikuwa ameletwa kutoka Muleba kuja kuhudhuria.

Nilimshika mkono kwa nguvu. Alisimama. Akavua kofia.

"Nani amefariki?" akauliza kwa Kihaya.

Msichana mmoja mwanafunzi, aliyekuwa anarekodi kwa simu, akamjibu akicheka, "Kocha, babu."

"Tata, twende," nikambembeleza. "Tata, waitu, twende nyumbani." Aliniangalia kwa mshangao, akiwa amekasirika kidogo. Hivyo ndivyo alivyoniangalia nilipokuwa mtoto nikimkosea mtu heshima. Ni kweli, kwetu nani amzuie mtu anayekwenda kuzika. Akautoa mkono wake kwenye mkono wangu taratibu, akaingia kwenye msafara, akashika ubavu wa machela, akatembea.

Waliokuwa mbele walimwona, sauti zikawashuka. Wa nyuma hawakumwona, wakaendelea kuimba na kupiga makopo. Baba aliujua wimbo wa kanisani, akauimba kwa maneno yake ya kweli, kwa sauti ya kizee iliyokwaruza, akiwa nyuma kidogo ya maneno yao machafu. Dereva mstaafu alijipenyeza mpaka karibu yake. "Mwalimu, huu ni utani tu," akasema. "Ni utani wa mpira, Mwalimu." Baba aliendelea kuimba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Ndipo kijana akaja. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja, anautazama msiba wake mwenyewe ukipita. Alitembea mpaka kwa baba, akamshika kiwiko asijikwae, wakafuatana hivyo hivyo, kocha aliyezikwa zamani na kocha anayezikwa leo, nyuma ya shuka moja. Nami nikafuata. Sikuwa na la kufanya zaidi.

Shimoni walitupa mgomba bila vigelegele. Wengi walikuwa wameshaanza kutawanyika. Baba alibaki ukingoni akisubiri. Nilielewa anasubiri sala, nikawatazama wale wanaume, kila mmoja akatazama pembeni. Alipoona hakuna anayesali aliinama kwa shida, akachota udongo kwa mkono, akautupia. Kijana akafanya vilevile.

Kocha yule aliondoka muhula ulipokwisha, akapata timu mkoa mwingine. Sasa yupo mwingine, na juzi tu nimepita kijiweni nikawasikia wanasema kijana wa ubao alikuwa kocha hasa, mtu wa mipango, si huyu. Dereva mstaafu ndiye aliyekuwa anaongea. Akaniona, akanisalimia, "Mwanangu, hujambo," nami nikaitikia, nikapita. Baba alikuwa ameshalala kibanjani, kwenye kaburi lake la kweli. Kwenye maziko yake wao walikuja na basi zima.

Jioni ya mechi nilimpeleka kwangu Kitendaguro, hakuwa na nguvu za safari ya Buganguzi. Nilimletea beseni la maji ya vuguvugu nikamnawisha mikono. Udongo ulitoka. Utomvu wa mgomba haukutoka, ulikuwa umeshaganda kwenye vidole na kwenye mkono wa shati lake jeupe, na kila mama wa Kihaya anajua kwamba shati hilo basi tena. Nilisugua hata hivyo. Nilikuwa nasubiri aseme kitu, nikiomba Mungu asiikumbuke siku ile, basi, nyingine zote azikumbuke akitaka.

Alikuwa ametulia. Aliniacha nisugue, akitazama mvua iliyokuwa imeanza kweli kunyesha kwenye migomba ya jirani. Kisha akaniambia, kwa Kihaya, kwa ile sauti ya mtu aliyetoka kutimiza wajibu wake:

"Yule kocha walimpenda sana. Umeona watu walivyojaa."

"Ndiyo, Tata," nikamwambia. "Walimpenda."