Mita Elfu Tano na Noti ya Mama

Nilipokabidhiwa idara ya michezo ya chuo chetu pale Mocímboa da Praia, nilikabidhiwa ufunguo mmoja tu. Ulifungua stoo yenye mipira miwili, mmoja umechoka kabisa, na jozi ya viatu vya kukimbilia ambavyo wanafunzi walivivaa kwa zamu, mwenye mguu mdogo akijaza matambara mbele. Lakini uwanja tulikuwa nao. Ulikuwa mpana, wa mchanga mgumu, nyuma ya madarasa, na mimi niliupenda kuliko nyumba niliyopanga.

Kila nilipokwenda kuomba pesa, mkurugenzi, mtu mpole asiyevua tai hata jua la saa saba, alinijibu kwa sauti ileile: "Verba hakuna, colega." Kwa Kireno chetu cha ofisini, verba ndiyo pesa ya bajeti, na colega ni mwenzangu. Haikuwepo mwanzo wa mwaka, haikuwepo katikati. Siku moja nilimwambia labda na yenyewe imekwenda Palma, kwenye kambi za gesi, kutafuta kazi. Ilikuwa miaka ile gesi imeonekana baharini, hata mji wetu umejaa wageni wenye vizibao vya kung'aa, chumba kimoja kinapangishwa kwa bei ya nyumba nzima. Kipa wetu aliacha masomo akaenda huko kulinda geti la kambi. Sikumlaumu kwa kuondoka, nilimlaumu kwa kuondoka na glavu za chuo.

Wageni hao ndio waliouona uwanja wangu. Kampuni moja ya ujenzi ikataka kuukodi iegeshe maroli. Mkurugenzi alikuwa na paa la maktaba linalovuja, kwa hiyo alivutiwa, nami nikapandwa na hasira. Nilisema mengi ofisini mwake, mengine si ya kuandika. Mwishowe tukaelewana: mashindano ya vyuo yalikuwa karibu, huko Pemba, si kile kisiwa, bali mji mkuu wa mkoa wetu. Nikirudi na medali, hata moja, uwanja unabaki. Nikirudi mikono mitupu, maroli yanaingia.

Wala sikuogopa. Nilikuwa na binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mrefu, mkimya, mkimbiaji wa mita elfu tano. Alikimbia kama mtu aliyekumbuka kwamba kaacha sufuria jikoni, na hapo mjini hakuna aliyewahi kumfikia.

Shida ilikuwa kufika Pemba. Magari yote ya abiria yalikuwa yamekodiwa na watu wa gesi, na yaliyobaki yalitaka bei ya gesi. Aliyetuokoa ni mama yake yule binti. Aliongoza kikundi cha wanawake wa tufo, ngoma yetu ya kucheza kwa mstari, sare ya kapulana, yaani vitenge, na matari, nao walikuwa wamealikwa harusini Pemba wiki hiyohiyo. Walikuwa wameshachangishana wakakodi roli.

"Pandeni, mwalimu," akaniambia. "Sie tutacheza, nyie mtakimbia. Halafu tutakuja kumtazama mtoto."

Tulipofika Awasse roli likasimama, wanawake wakashuka kununua korosho na muhogo wa kuchemsha, na kila mmoja akamletea mwanariadha wangu kipande. Niliwakataza. Wakaniuliza mimi ni mwalimu wa aina gani nisiyetaka mtoto ale. Nikashindwa, na muhogo nikaula mwenyewe.

Siku ya mbio walikuja kweli, wamevaa sare, nyuso nyeupe kwa msiro, ule unga wa mti wa kujipamba, matari mikononi. Wakakaa karibu kabisa na chokaa ya njia ya kukimbilia. Mzunguko baada ya mzunguko binti alipita mbele yao anaongoza, nao wakapiga vigelegele hadi mwamuzi akageuka kuwatazama. Kufika mzunguko wa mwisho alikuwa kawaacha wenzake mbali sana. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia mkurugenzi, na yalikuwa matamu.

Hapo mama yake akainuka. Akafungua fundo la kapulana, akatoa noti, akaingia njiani akicheza taratibu, mkono juu. Alikwenda kumtuza mwanawe, kama mchezaji anavyotuzwa ngoma ikikolea. Wenzake nao wakainuka, mstari mzima, kila mmoja na noti yake.

Nikapiga kelele, "Pita! Pita!"

Binti akasimama. Akainamisha kichwa. Mama akambandika noti kwenye paji la uso lililolowa jasho, wa pili akambandika ya kwake shavuni, wa tatu akaanza kumfunga kapulana kiunoni. Wakimbiaji wawili wakapita. Binti alipochomoka tena alikuwa na noti usoni na kapulana inapepea, akamaliza wa tatu. Nikashukuru Mungu, maana shaba nayo ni medali. Lakini waamuzi wakakutana wakamfuta: kapokea kitu kutoka kwa mtu wa nje mbio zikiendelea.

Nilimwendea mama yake. "Dada, kwa nini hukungoja amalize?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Tumtuze keshamaliza? Mtu anatuzwa anapocheza, mwalimu. Ngoma ikishakwisha unatuza nini?"

Nikamgeukia binti, nikamuuliza kwa nini hakupita. Akasema polepole, "Mama kanyoosha mkono mbele za watu, mwalimu. Ningempitaje?"

Nililia pale uwanjani, kwa hasira tupu, na wanawake wakadhani nalia kwa furaha, wakanituza na mimi.

Tuliporudi, mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho akiuma midomo asicheke. Akauliza zile noti zote zilikuwa kiasi gani. Nilipomwambia, akainamia makaratasi yake, kwa sababu chuo hakikuwa kimeipa idara yangu hata nusu yake mwaka ule. Akaniomba radhi, na naamini aliona haya. Ila ahadi ni ahadi, na paa lilikuwa bado linavuja.

Maroli yaliingia Jumatatu. Jioni nilikwenda kuyatazama, yamejipanga pale tulipokuwa tunaanzia mbio, madereva wanaosha nguo kwenye ndoo. Nikasikia salamu nyuma yangu. Ni yule binti, amevaa viatu vipya alivyonunua kwa pesa ya kutuzwa, kamba amekwisha kuzikaza.

"Mwalimu," akauliza, "leo naanzia wapi?"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikamwambia aanzie kwenye roli la mwisho, azunguke yote.